Pointi za Likizo za Mtumba: Mume na Mke Waulize Nini Kabla ya Kutoa Fedha?



Mama mmoja wa upande wa Msambweni ametuletea swali, nasi twaona yafaa tulijibu hadharani kwa sababu si lake peke yake. Mumewe alikuwa mfanyakazi katika mgodi wa titani wa Kwale. Uchimbaji ulipokoma mwishoni mwa mwaka 2024 alilipwa kiinua mgongo chake. Sehemu ya fedha hizo imekwisha kuingia katika karo na mabati. Zilizobaki ziko benki. Sasa ametokea rafiki wa rafiki anayeuza "pointi" za klabu ya likizo. Asema yeye alizinunua kwa bei kubwa, lakini anaziachia kwa shilingi 150,000 tu, na kwamba mwenye pointi hizo hulala wiki moja kila mwaka katika hoteli ya ufukweni, Diani au hata ng'ambo. Fedha zatakiwa kabla ya mwisho wa mwezi. Mama anaogopa. Mume amemjibu kuwa mke Mkristo humtii mumewe. Mama anauliza: je, nikikataa natenda dhambi?

Dada yetu, la hasha. Katika Waraka kwa Waefeso, sura ya 5, kabla Mtakatifu Paulo hajafika kwa wake na waume, aya ya 21 yawataka Wakristo wote wanyenyekeane wao kwa wao kwa kumcha Kristo. Mwenye kuitumia sura ile nyumbani mwake aanzie hapo. Kumwuliza mumeo "tunanunua kitu gani?" si uasi. Ni wajibu wako, kwani fedha zikipotea watakaokosa ni watoto wenu nyote wawili.

Na wewe bwana, usidhani kwamba ukurasa huu umekuja kukusuta. Kutaka kumpumzisha mkeo na watoto ni jambo jema. Wengi wetu tuishio pwani hii ya kusini tunazijua hoteli za Diani kutoka upande wa lango la nyuma: twapika, twafua mashuka, twalinda usiku. Siku moja kukaa upande wa mbele, mkaletewa chai, si anasa ya kuungama. Hakuna ubaya katika likizo. Jambo la kuangalia ni kile unachouziwa, na kama huyo anayekiuza anacho.

Tuanze na kitu chenyewe. Biashara hii, ambayo wenyewe huiita taimusheya, ilianza Ulaya katika miaka ya 1960. Kampuni ya Hapimag ya Uswisi iliundwa mwaka 1963. Wazo lake ni rahisi: nyumba moja ya likizo hutumiwa na familia nyingi kwa zamu, kila moja wiki yake. Mwaka 1974 ikaundwa kule Marekani kampuni ya RCI, ambayo kazi yake ni kubadilishana: mwenye wiki yake Hispania anaiweka, anachukua wiki ya mtu mwingine mahali pengine. Baadaye wiki zikageuzwa kuwa pointi. Kila mwaka mwanachama hupewa idadi fulani ya pointi, naye huzitumia kama fedha. Wiki ya Krismasi, Pasaka au Agosti hula pointi nyingi. Wiki ya Mei, mvua za masika zinapopiga na bahari imejaa mwani, hula chache. Kwa hiyo mtu akikuambia "nakuuzia pointi za wiki moja", hujaambiwa kitu bado. Wiki ya Mei au ya Desemba? Chumba cha watu wawili au nyumba ya watu sita?

Sasa sikilizeni lile ambalo muuzaji hulitaja mwisho, au halitaji kabisa. Pamoja na pointi huja ada ya matunzo ya kila mwaka. Hulipwa ukienda likizo, hulipwa usipokwenda. Hupanda mara kwa mara. Na mara nyingi hudaiwa kwa dola au pauni. Tuseme ada ni dola 400. Mwaka 2019 dola moja ilikuwa kama shilingi 103, hivyo ada ilikuwa shilingi 41,200. Januari 2024 dola ilifika karibu shilingi 160. Ada ile ile ikawa shilingi 64,000. Baadaye mwaka huo dola ilishuka hadi karibu 130, ada ikawa 52,000. Mkataba haukuguswa hata neno moja, na bado mzigo ulipanda na kushuka kama maji ya bahari. Mwalimu au mhudumu wa hoteli hapati mshahara wake kwa dola.

Ndiyo maana pointi za mtumba huuzwa rahisi. Si kwa sababu muuzaji ana moyo mwema kuliko wengine. Marekani na Ulaya wako watu wanaozitoa kwa dola moja, au bure kabisa, ili tu ada iache kuja kwa jina lao. Bei ile ya kwanza ilibeba pia gharama za matangazo na marupurupu ya wauzaji, na hayo hayarudi. Kwa hiyo mtu akisema "mimi nilinunua kwa shilingi milioni moja", msimhurumie kwa kumlipa nusu. Alicholipa yeye si kipimo cha thamani ya kitu leo.

Kipimo ni kipi basi? Kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 25, chatupa jibu ambalo mimi kila nikilisoma nastaajabu, kwani ni kana kwamba kiliandikwa kwa ajili ya biashara hii. Katika Israeli shamba lilimrudia mwenyewe katika mwaka wa Yubilei. Kwa hiyo aliyenunua hakununua ardhi, alinunua mavuno ya miaka iliyobaki. Mungu akaagiza kwamba ikibaki miaka mingi bei iwe kubwa, ikibaki michache bei ipungue, na ndugu asimpunje ndugu katika jambo hilo. Basi, mume na mke, kaeni mezani na kalamu. Mkataba unakwisha mwaka gani? Tuseme imebaki miaka 12. Ada ya shilingi 52,000 kwa miaka 12, hata isipopanda, ni shilingi 624,000. Ongezeni 150,000 za muuzaji: 774,000. Gawanyeni kwa 12. Kila wiki yenu ya likizo itawagharimu shilingi 64,500, kabla ya nauli, kabla ya chakula, na kabla ya ada ya kubadilishana mkitaka kwenda kwingine. Halafu nendeni Tiwi au Galu mkaulize nyumba ya kupangisha kwa wiki ni bei gani, hasa wakati wa masika. Mkiona ya kupangisha ni nafuu, basi mmekwisha kujibiwa. Mkiona pointi ni nafuu, tuendelee.

Wako watakaosema, "Lakini sisi tumepewa bure!" Someni Mwanzo 23. Abrahamu alipofiwa na Sara alitafuta pango la kumzikia. Efroni Mhiti akamwambia mbele za watu kwamba anampa shamba na pango. Abrahamu hakukubali kitu cha bure. Alisisitiza kulipa bei, akapima shekeli 400 za fedha mbele ya Wahiti waliokuwapo langoni mwa mji, na Maandiko yanataja kwa makini kila kilichouzwa: shamba, pango, na miti yote iliyomo mipakani. Mzee yule alijua kwamba kitu cha bure kisicho na mashahidi huzaa daawa kwa wajukuu. Pointi za bure nazo huja na ada yake, na pengine na deni la miaka mitatu ya nyuma ambalo klabu italidai kwa yeyote atakayeandikwa jina.

Majirani zetu Waislamu hapa Kwale, dini yao yawaagiza kuandika deni mbele ya mashahidi. Ni desturi nzuri, na sisi hatuna sababu ya kuona haya kuiiga. Wapwani husema mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi daftari la pointi liko wapi? Liko kwa klabu, haliko kwa muuzaji. Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Karatasi yenye picha ya minazi anayowaonyesha inaweza kuwa ya kweli na bado pointi zisiwepo. Mwambieni aiandikie klabu barua ya kuruhusu mpewe habari zake, kisha ninyi wenyewe mwandikie klabu kwa anwani mliyoitafuta wenyewe, si ile aliyowapa yeye. Barua ya klabu iseme: jina la mwenye pointi ni nani, na kama ni majina mawili, ya mume na mke, wote wawili wanakubali kuuza? Ana pointi ngapi kila mwaka? Mkataba unakwisha lini? Anadaiwa kiasi gani? Je, kuna mkopo juu yake? Pointi za mwaka huu zimekwisha kutumiwa? Hili la mwisho huwanasa wengi, kwani klabu nyingi humruhusu mwanachama kukopa pointi za mwaka ujao. Mtu anaweza kula Krismasi yake ya mwaka huu na yenu ya mwaka ujao, kisha awauzie sahani tupu.

Ulizeni pia mnunuzi wa mkono wa pili anapata nini. Si lazima apate kila alichokuwa nacho wa kwanza. Mfano unaojulikana ni klabu ya likizo ya Disney huko Marekani: wanaonunua kwa wanachama wenzao tangu tarehe 19 Januari 2019 hawawezi kutumia pointi hizo katika hoteli zake zilizofunguliwa baadaye, ingawa aliyenunua kwa kampuni yenyewe anaweza. Tena ziko klabu zenye haki ya kununua kwanza: mkikubaliana bei na muuzaji, klabu yaweza kuzichukua yenyewe kwa bei hiyo hiyo. Na karibu kila klabu hutoza ada ya kubadilisha jina. Nani atailipa? Liandikwe.

Kama hoteli yenyewe iko kwetu hapa, mnayo nafasi ambayo mnunuzi wa Ulaya hana: mnaweza kwenda kuiona kwa matatu. Nendeni siku ya kazi. Angalieni paa la makuti, bwawa la kuogelea, na kama wafanyakazi wanalipwa. Waulizeni Wakristo wenzenu wanaofanya kazi humo, nao watawaambia kuliko kijitabu chochote. Barabara ya Diani imeona mengi. Baada ya ghasia za Likoni za Agosti 1997 watalii walitoweka na hoteli nyingi zikafunga milango. Mwaka 2020 korona ikazifunga tena. Jadini na Africana Sea Lodge yalikuwa majina makubwa, nazo zikafungwa. Pointi za hoteli iliyofungwa hazilazi mtu. Ulizeni vilevile kodi ya ardhi ya hoteli ile imebakiza miaka mingapi. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 65, hairuhusu asiye raia kumiliki ardhi ya Kenya kwa zaidi ya ukodishaji wa miaka 99. Kwa hiyo mkiambiwa pointi ni "za milele", ziwekeni kando ya ukodishaji wa ardhi, mwone ni upi utakaokwisha kwanza. Upekuzi katika ofisi ya ardhi ni kazi ndogo kwa wakili.

Tuseme neno juu ya sheria. Sheria ya Kenya ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inautaja mkataba wa namna hii waziwazi, hata mali ikiwa nje ya nchi. Anayenunua kwa mfanyabiashara aweza kuuvunja bila kutoa sababu mpaka siku 10 baada ya kupokea nakala iliyoandikwa. Ulaya, kwa kanuni ya mwaka 2008, ni siku 14. Lakini angalieni sana: ulinzi huo unamhusu anayeuza kama kazi yake. Rafiki wa rafiki anayeuza zake mwenyewe si mfanyabiashara, hivyo msizitegemee siku zile 10. Siku zenu za kufikiri ni zile za kabla ya kulipa, na hizo hakuna wa kuwapa isipokuwa ninyi wenyewe.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa maana ndipo ndoa inapoingia. Wauzaji wa mara ya kwanza, wale wanaoalika watu kwa zawadi na chakula cha mchana, wana desturi ya kudai mume na mke waje pamoja. Je, wanaiheshimu ndoa? Wanajua tu kwamba mtu aliyekuja peke yake ana pa kujifichia: "Nitamwuliza mwenzangu nyumbani." Wakija wote wawili mlango huo umefungwa. Katika soko la mtumba mambo hugeuka. Dalali humpata mmoja kwa simu, kazini au kilabuni, na kumharakisha kabla hajafika nyumbani. Njia ni mbili na lengo ni moja, kwamba wenye ndoa wasipate usiku mmoja wa kulala na jambo. Basi kataeni. Mkiwa wawili mbele ya muuzaji, pataneni kabla hamjatoka nyumbani kwamba leo hakuna sahihi. Ukiwa peke yako, neno la "nitamwuliza mke wangu" halikupunguzii uanaume.

Na msiguse nyumba wala shamba la familia kwa ajili ya likizo. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 yataka idhini ya wote wawili kabla ya mali ya ndoa kutolewa, na idhini iliyopatikana kwa ukali mezani si idhini.

Fedha zenyewe zipitie kwa wakili, na hakikisheni kwa Chama cha Mawakili cha Kenya kwamba ana leseni ya mwaka huu. Azishike katika akaunti ya wateja wake, asimpe muuzaji hata senti mpaka klabu iandike kwamba jina limebadilika. Muuzaji akisema hawezi kungoja, atumiwe kwa simu leo leo, mwacheni aende. Hasara ya kukosa pointi haijapata kumfukuza mtoto shuleni. Majina yawe mawili, la mume na la mke. Someni pia kifungu kinachohusu kifo, mjue kama ada itawafuata watoto.

Nimesema sana na wanunuzi. Wako pia wasomaji wenye pointi wanaotaka kuzitua. Kwenu nakumbusha habari ya Anania na Safira katika Matendo ya Mitume, sura ya 5. Wengi hudhani kosa lao lilikuwa kubakiza fedha. Petro alimwambia Anania kwamba fedha zilikuwa mikononi mwake. Kosa lilikuwa uongo. Nao walikuwa wamepatana, mume na mke, bila ugomvi wowote! Kupatana nyumbani hakutoshi ikiwa mmepatana kumficha mnunuzi kwamba ada imepanda au pointi za mwaka zimekwisha. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2409, yaweka chini ya Amri ya Saba kumpandishia mtu bei kwa sababu hajui au yuko katika shida. Jirani aliyetoka kupokea kiinua mgongo na hajawahi kusikia neno "ada ya matunzo" ni mtu asiyejua. Mwonyesheni hesabu yote.

Jihadharini ninyi nanyi. Mwenye pointi hupigiwa simu: "Tumempata mnunuzi wa bei nzuri, tuma kwanza kodi na gharama za hati." Hakuna mnunuzi. Mwaka 2023 serikali ya Marekani iliwawekea vikwazo watu na kampuni za Mexico zilizowaibia wazee Wamarekani kwa njia hii hii, zikihusishwa na genge kubwa la dawa za kulevya. Ile kanuni ya Ulaya ya 2008 humkataza dalali wa mauzo ya mtumba kupokea malipo yoyote kabla mauzo hayajakamilika. Shikeni desturi hiyo hata kama hamkai Ulaya.

Kabla ya kumtafuta mnunuzi au dalali yeyote, iandikieni klabu wenyewe mkaulize kama itazipokea pointi zenu. Klabu kadhaa zina utaratibu wa kujitoa ambao hazitangazi, mradi ada ya mwaka imelipwa yote. Wakikubali, msiridhike na neno la simu. Ombeni barua yenye tarehe na muhuri isemayo kwamba hamdaiwi tena, mtoe nakala mbili, moja ikae kwa wakili na ya pili mahali ambapo mke na mume wote wanapajua.